Fundi wa Pinde

Msomaji wangu, huenda hujapata kushika upinde maishani mwako, wala huna nia ya kuushika. Hata hivyo nakuomba unisikilize, kwa sababu habari hii si ya upinde peke yake. Ni habari ya kutafuta mtu mwaminifu katika mji mkubwa, na ya aibu iliyonipata siku nilipompata.

Nililelewa Makongeni, mashariki ya Nairobi, katika nyumba za watumishi wa reli, miaka ya 1980. Katika chumba chetu palikuwa na podo moja tupu, iliyotundikwa ukutani juu ya kitanda cha wazazi. Ilikuwa ya babu yangu wa Kibwezi, aliyekuwa mwindaji katika ujana wake. Wakamba walisifika kwa upinde, na jirani zao Waata wa nchi ya Tsavo walisifika zaidi. Pinde ambazo Waata waliwindia ndovu zilihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuvutwa. Ukitaka kujua uzito wa sifa hiyo, linganisha na pinde za vita za Waingereza zilizopatikana katika Mary Rose, merikebu iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982. Wataalamu waliozichunguza hukadiria kwamba nazo zilitaka ratili 100 na kuendelea. Kila nilipoitazama podo ile nilijiona mrithi aliyenyimwa urithi wake.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mtoto wa mjomba wangu aliyekaa karibu na Mtito Andei aliniletea maneno matamu. Alisema swala walikuwa tele kando ya mpaka wa mbuga, na kwamba nikija na upinde katika likizo ya Agosti tungekula nyama ya jasho letu. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku katika Kenya nzima tangu Mei 1977. Tulilijua jambo hilo sote wawili. Lakini kijana akitaka kitu hakosi hoja, na hoja yangu ilikuwa kwamba haki ya babu ni haki ya mjukuu.

Basi nikaanza kutafuta upinde. Muuzaji mmoja wa mjini alinionyesha upinde uliong'aa kwa rangi, umezungushiwa shanga na ngozi. Alinihakikishia kwamba huo ungemwangusha hata nyati. Sikumwuliza ulikuwa wa mti gani, wala nani aliuchonga, kwa kuwa uzuri wake ulinifumba macho. Niliulipia kwa akiba yangu ya muhula mzima. Jioni ile, nyuma ya nyumba zetu, niliuvuta mara tatu. Mara ya tatu ulikatika, na kipande kikanipiga juu ya jicho la kulia. Alama yake ninayo hata leo. Niliporudi kulalamika, muuzaji alicheka akasema kwamba wateja wake huzitundika pinde ukutani, hawazivuti.

Mtu aliyeumwa na nyoka huogopa ung'ongo. Nilikaa majuma kadhaa bila kumwamini mtu. Kisha jirani mmoja alinishauri niende Gikomba, upande wa Pumwani, kwenye vibanda vya wachongaji wa Kikamba. Uchongaji huo wa vinyago ulianzia Wamunyu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kwa juhudi ya Mutisya Munge, ukaenea hata Nairobi na Mombasa. Niliambiwa kwamba mle, miongoni mwa wachonga twiga na vifaru, alikuwamo mzee mmoja aliyejua pinde za kweli.

Nilimkuta ameketi juu ya gogo, tezo mkononi. Hakunionyesha bidhaa. Alinitazama kidonda, akaniomba nimletee vipande vya upinde uliovunjika. Nilipovileta kesho yake aliviinua kwenye mwanga akasema, "Tazama, kijana. Mti huu ulipasuliwa kwa msumeno bila kufuata nyuzi zake. Upinde ukivutwa, mgongo wake hutanuka na tumbo lake hubanwa. Nyuzi zikiwa zimekatwa, ufa huanzia hapo hapo." Kisha akanionyesha pinde zake mwenyewe, zilizochongwa kwa mti wa mkole, na upote wa kano za ng'ombe. Aliziinua moja moja akinieleza kasoro zake: huu una fundo, huu haujakauka sawasawa, huu ni wa pambo tu. Sikuwa nimepata kumwona mfanyabiashara anayetangaza aibu za mali yake.

Aliponipa upinde wa kujaribu, ulikuwa mwepesi, wa ratili 25 hivi. Nilinung'unika kwamba huo ulikuwa wa watoto. Alinijibu kwamba upinde usioweza kuushika umevutwa, ukahesabu hadi tano bila mkono kutetemeka, si wako bado. Akanikanya pia nisiachie upote kamwe bila mshale, kwa sababu nguvu ambayo ingebebwa na mshale hurudi katika mti na kuupasua. Nilimwamini kwa kila neno.

Kisha akaniuliza, "Unakwenda kupiga nini?"

Nikamjibu bila kupepesa macho, "Ubao wa shabaha, mzee."

Akanisogezea sanduku la chembe nichague. Zilikuwamo laini, zenye ncha ya mviringo, na zilikuwamo zenye miiba iliyorudi nyuma. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye zile za miiba. Mzee alinyamaza kidogo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ubao haukimbii, mwanangu. Mwiba huu kazi yake ni kuuzuia mshale usitoke nyamani. Mpiga ubao hutaka mshale unaochomoka, aupige tena."

Sikuwa na jibu. Akautwaa upinde mkononi mwangu, akautundika mahali pake, akanirudishia fedha zangu zote. "Nimekuonyesha kila ufa ulio katika pinde zangu," alisema. "Wewe umenificha ufa wako. Rudi siku utakapokuwa na shabaha unayoweza kuitaja."

Niliondoka na hasira. Nilijiambia kwamba mzee yule alikuwa mjinga wa kukataa fedha. Likizo ilipofika sikwenda, kwa kuwa sikuwa na upinde wa kwenda nao. Mtoto wa mjomba alikwenda na wenzake. Usiku wa pili walikamatwa na askari wa wanyama, wakiwa na swala mmoja na podo ya mishale iliyopakwa sumu ya msunguti, sumu ambayo huusimamisha moyo wa mnyama, na wa mtu pia, bila kuwabagua. Mjomba aliuza ng'ombe wawili ili kulipa faini. Mwanawe hakurudi shuleni tena.

Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka kuwa aibu. Niliona kwamba nilikuwa nimezunguka Nairobi nikimtafuta mtu mwaminifu, na nilipompata jambo la kwanza nililomfanyia lilikuwa kumdanganya. Nilidai kwake ukweli ambao mimi mwenyewe sikuwa nao. Mwezi wa Novemba nilirudi Gikomba, nikamwambia yote. Hakunihutubia. Alisema, "Karibu," akautungua upinde ule ule wa ratili 25, akanihesabia mishale sita yenye chembe laini.

Mwalimu wangu wa kwanza wa shabaha alikuwa yeye, na ubao wangu wa kwanza ulikuwa gunia lililojazwa nyasi kavu, mbele ya kilima cha udongo pasipopita mtu. Nilianzia hatua kumi. Nilijifunza kusimama ubavu ukielekea shabaha, kuuvuta upote mpaka pale pale shavuni kila mara, na kuuachia bila kuunyakua. Ilinichukua mwezi mzima kuiweka mishale yote sita ndani ya gunia.

Usidhani nasema kwamba kuwinda kwa upinde ni uovu popote. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, katika Tanzania, huwinda hivyo hata sasa. Wala sidharau uchungu wa Waata. Mbuga ya Tsavo ilipoundwa mwaka 1948, wawindaji wa nchi ile walijikuta wahalifu katika nchi waliyoizoea. Mpango wa Galana, ulioanzishwa mwaka 1960 mashariki ya mbuga ili wapate uwindaji wa halali, haukuwaletea yale waliyoyatumainia. Haya ni mambo ya kujadiliwa mchana, mbele ya watu. Hayarekebishwi na wavulana wawili usiku wenye podo ya sumu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza uwindaji wa burudani na hata wa kitoweo, na anayetaka kuanza kupiga mishale hapa kwetu ni shabaha iliyo wazi kwake.

Shabaha hiyo si ndogo. Katika Michezo ya Olimpiki mpiga mishale husimama mita 70 kutoka ubaoni, na duara la alama kumi lina upana wa sentimita 12.2 tu, kama mdomo wa bakuli dogo. Mwaka 2016, michezo ilipofunguliwa Rio de Janeiro, aliyebeba bendera ya Kenya mbele ya wakimbiaji wetu mashuhuri alikuwa mpiga mishale, Shehzana Anwar.

Kama siku moja utatafuta upinde, au kitu kingine chochote chenye nguvu ya kujeruhi, mpime muuzaji kwa mambo matatu. Je, anakuonyesha kasoro za mali yake? Je, anapima nguvu yako kabla ya kupima mfuko wako? Je, yuko tayari kukunyima? Ukimpata wa namna hiyo, usimwache. Lakini kabla ya kuvuka kizingiti chake jiulize swali atakalokuuliza, na uwe na jibu ambalo halihitaji kufichwa.

Mzee yule amekwisha fariki. Upinde wa mkole ninao bado, umetundikwa karibu na podo ya babu, na podo ile si tupu tena.