Cheti cha Babu

Mtu aliyegawa umri wake baina ya Mombasa na Leicester, kama nilivyougawa mimi wangu, huzizoea upesi tofauti za baridi na joto, za chakula na mavazi, na hata za namna ya kuamkiana. Lakini ipo tofauti moja isiyozoeleka kwa wepesi, nayo ni ya mambo yanayosemwa kadamnasi na mambo yanayofumbiwa kinywa. Huku Uingereza rangi ya mtu haitajwi mbele ya watu wenye adabu ila kwa hadhari kubwa, na akitokea mgeni asiyejua akaitaja karamuni, utaona vijiko vikikoroga chai ambayo sukari yake imekwisha kuyeyuka kitambo, na mmoja wa waungwana akauliza kama mvua itaendelea hata Jumapili. Waungwana hao hao, mezani papo hapo, wataweza kuzungumza saa nzima juu ya watu wasio na makaratasi: wamekuja wangapi, wamelazwa katika hoteli gani, wanakula kwa kodi ya nani, na lini watarudishwa, na katika saa nzima hiyo hapana atakayejiona kuwa amekosa staha, maadamu mazungumzo ni ya sheria, na sheria, kama wanavyoamini, haina rangi.

Siyadharau mashaka yao yote. Mwaka 2022 watu zaidi ya 45,000 walivuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa katika mashua za mpira, na mtu aliyengojea nyumba ya baraza la mji kwa miaka, au anayengojea kupasuliwa goti hospitalini, hana kosa akiuliza hao wageni watakaa wapi na watatibiwa na nani. Hoja inayosemwa aghalabu kuliko zote ni ya foleni: kwamba mstaarabu husimama nyuma ya aliyemtangulia, na mwenye kuja kwa mashua amewaruka wenziwe. Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama foleni yenyewe ingekuwapo. Waukraine walipofikwa na vita mwaka ule wa 2022, Uingereza iliwafungulia mlango, ikawapa viza, na ikawapa wenyeji waliowakaribisha majumbani mwao pauni 350 kila mwezi, jambo ambalo mimi nililiona kuwa ni wema mkubwa na ningali naliona hivyo. Wasudani walipofikwa na vita vyao Aprili ya mwaka uliofuata, hawakufunguliwa mlango wa namna hiyo, na mkimbizi wa Khartoum hakuwa na dirisha la kusimama mbele yake wala fomu ya kujaza. Uliza kwa nini, nawe utajibiwa kwa idadi, kwa umbali na kwa utaratibu.

Aliyenieleza hoja ya foleni kwa ufasaha kupita wote si Mwingereza mweupe. Ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Makadara, Mombasa, mwenye duka karibu na Belgrave Road, ambamo watu wa pwani tuliotawanyika katika mji huu hununua mbaazi, mihogo, ndizi mbichi na unga wa mahindi. Akiwa anapima bamia, aliniambia kwa Kiswahili cha mjini kwetu, ambacho miaka yote ya ughaibuni haijakitia kutu: “Mwanangu, mimi nilingoja. Pasipoti ya Malkia ilikuwa mfukoni mwangu, na nikangoja. Hawa hawangoji.” Wateja waliokuwamo, wa kila rangi, waliitikia kwa vichwa, nami nilinyamaza, si kwa kukosa jawabu, bali kwa kuwa foleni aliyoisimama mzee huyu naijua ilivyotengenezwa.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Wahindi wengi walibaki na uraia wa Uingereza, wakiamini kwamba pasipoti ni pasipoti. Mwaka 1967 serikali ya Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia wake, wakaanza kuondoka, na magazeti ya London yakaanza kuwahesabu kila ndege iliposhuka. Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, akapeleka bungeni mswada uliopitishwa kwa siku tatu tu, ukawa sheria tarehe 1 Machi 1968. Uisome sheria hiyo mwanzo hata mwisho, hutamwona humo Mhindi wala Mwafrika, mweupe wala mweusi. Imesema tu kwamba mwenye pasipoti ya Uingereza ataingia bila kizuizi iwapo yeye mwenyewe, au mzazi wake, au babu au bibi yake, alizaliwa au alipewa uraia katika ardhi ya Uingereza yenyewe. Basi mlowezi wa Nakuru, ambaye babu yake alizaliwa Yorkshire, alipita; na mwenye duka wa Makadara, ambaye babu yake alizaliwa Kathiawar, akazuiwa, na wote wawili wameshika pasipoti ya namna moja. Kwa waliozuiwa ziliwekwa hati za ruhusa 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa familia, na hiyo ndiyo foleni ya mzee wangu. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba sheria ile iliwabagua watu kwa rangi yao, na kwamba kumbagua mtu hivyo ni kumdhalilisha.

Wiki chache baada ya sheria kupita, Aprili 1968, mbunge Enoch Powell alisimama Birmingham akasema kwa ukali yale ambayo sheria ilikuwa imekwisha kuyasema kwa adabu. Siku ya pili yake kiongozi wa chama chake, Edward Heath, alimwondoa katika safu ya mbele ya chama bungeni. Sheria haikuondolewa. Katika tarikhi yote ya jambo hili huku Uingereza, sijui tukio linaloonyesha wazi zaidi ni kosa lipi linaloadhibiwa.

Wateja walipopungua nilimwuliza mzee kama hakumbuki kwamba foleni yake aliwekewa kwa ajili ya rangi yake. Akaniangalia kwa upole. “Ulidhani sijui?” akasema. “Lakini nikilisema hilo hapa dukani, nitauza nini?” Kisha akaniuliza kama nataka na tangawizi. Simlaumu. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka, baraza la mji huu huu wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku, kwa hoja za nyumba, za shule na za matibabu. Wakaja kwa maelfu, na leo mji unajifakhirisha kwa taa za Diwali za Belgrave Road. Mtu aliyepokewa namna hiyo huzijua hoja za nyumba na shule kabla hajalijua jina la jirani yake, akazihifadhi kwa moyo, na siku moja akazielekeza kwa mwingine.

Sheria ile ya babu nayo ilizaa. Sheria ya uhamiaji ya 1971 iliendeleza hesabu ya ukoo. Mwaka 2013 yalizungushwa katika mitaa sita ya London magari yenye tangazo la kuwaambia wasio na makaratasi warudi makwao au wakamatwe, na baadaye Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe ikahesabu kwamba walioondoka kwa ajili ya magari hayo walikuwa watu 11. Na sheria za 2014 na 2016 zikamfanya mwenye nyumba kuwa askari wa mpaka, akaguaye hati za mpangaji kabla ya kumpa ufunguo. Nimepata kukaguliwa pasipoti yangu, ukurasa baada ya ukurasa, na wakala wa nyumba ambaye alikuwa akiniomba radhi huku uso umemwiva, akisema kwamba hana budi kumwuliza kila mtu. Na mwenzangu mweupe, aliyekodi chumba cha pili kwa wakala huyo huyo, hakuulizwa kitu. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2019 kwamba sheria hii huwafanya wenye nyumba wabague. Mahakama ya Rufani, mwaka uliofuata, haikukana kuwapo kwa ubaguzi, ila iliiacha sheria isimame. Wakati huo watu wa visiwa vya Karibi, waliokuja kwa haki tangu 1948 wakajenga nchi kwa mikono yao, walikuwa wamekwisha kufukuzwa kazi, kunyimwa matibabu, na baadhi yao kutolewa nchini, kwa kukosa karatasi ambayo hakuna aliyewaambia kuwa wataihitaji.

Na Agosti 2024, uvumi kwamba kijana aliyewaua watoto katika mji wa Southport aliingia nchini kwa mashua ulitosha kuwafanya watu waizunguke hoteli ya wakimbizi huko Rotherham na kutaka kuitia moto, wakazi wake wamo ndani. Ilhali kijana yule alizaliwa Cardiff. Cheti chake cha kuzaliwa hakuna aliyekitaka siku hiyo.

Ningeweza kukomea hapa, na msomaji wa Mombasa akanisoma kwa raha, kwani maovu ya ajnabi hayachoshi kusomwa. Lakini makala hii nimeikusudia nyumba zote mbili.

Kwetu hatuna haya ya kutaja rangi. Muuza viungo wa soko la Marikiti humwita huyu Mhindi, yule Mwarabu, yule mweusi, yule maji ya kunde, na kila mmoja akaitika na biashara ikaendelea. Mgeni wa Ulaya akisikia hushtuka, au, akiwa na huba nasi, hudhani kwamba tumepona maradhi ambayo kwao hayajapona. Ajaribu kufuatana na kijana wa Mji wa Kale kwenda kuomba kitambulisho. Mtoto wa ndugu yangu alipotimiza umri alikwenda katika ofisi moja na cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi wake. Kijana wa bara aliyekuwa mbele yake alitoa hati kama hizo, akachukuliwa alama za vidole, akaenda zake. Wetu aliulizwa cheti cha babu mzaa baba. Babu huyo, ambaye ni marehemu baba yangu, alizaliwa nyumbani kwa mkono wa mkunga, na kuzaliwa kwake kuliandikwa kwa wino mweusi ndani ya jalada la msahafu, kwa tarehe ya Hijria. Ndugu yangu aliuchukua ule msahafu, akaufunga katika kitambaa, akaupeleka. Karani aliugeuza kwa heshima zote, akasema kwamba hiyo si hati, na kwamba kijana atalazimika kupigwa msasa mbele ya kamati. Neno Mwarabu halikutamkwa, wala neno Mswahili, wala Mwislamu.

Naye ni mtoto wa mji, mwenye nasaba inayojulikana na kila mzee wa mtaa. Waangalie Wapemba wa Vanga, Shimoni na Kilifi, ambao wazee wao walikuja kuvua katika maji haya wakati Pemba na mwambao wa Mombasa, hata 1963, vilikuwa chini ya bendera ya sultani mmoja, wala hapakuwa na mpaka wa kuvuka ila upepo. Watoto na wajukuu wao waliishi bila kitambulisho, na asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kufungua akaunti, wala kupata leseni ya kuvua, basi akavua kwa hofu na kuuza kwa jina la mwingine. Walitambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2023. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kulima mkonge, hawakutambuliwa mpaka Oktoba 2016 walipoamua kwenda kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona rais.

Lililo gumu kwetu, basi, ni asili. Wakoloni walipowatenga wenyeji na wasio wenyeji kwa kodi na kwa kura, wazee wetu wa Mombasa walibishana miaka na miaka nani ni Mwarabu na nani siye, kwa kuwa jawabu lilikuwa na thamani ya fedha na ya kiti barazani. Na utumwa, ambao sheria iliufuta pwani ya Kenya mwaka 1907, unahesabiwa hadi leo katika nyumba ambazo hazithubutu kuutaja. Shangazi yangu, mwanamke mcha Mungu asiyemnyima jirani futari, aliletewa posa kwa ajili ya binti yake na watu wanaokaa mlango wa tatu kutoka kwake tangu yeye ni mwari. Akarudisha jawabu: “Watu wema, lakini kwao hatukujui.” Kila aliyesikia alifahamu, na hakuna aliyemwuliza ni kwao kupi.

Septemba 2024, baada ya kuifungia kwa muda mrefu na kushindwa katika shauri, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilitoa hadharani tarikhi iliyoiandika yenyewe, inayokiri kwamba kila sheria ya uhamiaji na uraia iliyotungwa baina ya 1950 na 1981 ilikusudiwa, angalau kwa sehemu, kupunguza watu weusi na wa rangi ya kahawia. Kukiri huko kulikuja kwa kuburutwa, lakini kumekuja, na kumeandikwa. Kwetu, ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, yenye mengi juu ya dhuluma za pwani na kaskazini, ilikabidhiwa kwa rais Mei 2013, na tangu siku hiyo bunge halijaifanyia lililo la haki. Mwanzoni mwa 2025 rais alitangaza huko Wajir kwamba msasa umefutwa kwa watu wa kaunti za mpakani. Ni tangazo jema, ila halikueleza nani aliamua, na kwa sababu gani, kwamba babu wa huyu aulizwe na babu wa yule aachwe apumzike kaburini. Na Mombasa si kaunti ya mpakani. Kijana wetu alikipata kitambulisho chake hatimaye, lakini mdogo wake anatimiza miaka 18 mwakani, na nimemwandikia ndugu yangu kwamba safari hii, wakimtaka babu, naye awaombe kwa taadhima wamwonyeshe sheria inayomtaka babu, ni ya mwaka gani, na inasema babu wa nani.