Sura Bila Jina

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo juu ya mbuzi, na nguo, na madeni ya watu. Lakini neno hilo lafaa vilevile juu ya foto za zamani na picha za rangi zilizotundikwa ukutani. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi kuna valizi chini ya kitanda, na ndani yake zimo sura za watu. Uliza: “Huyu ni nani?” Wenye nyumba watatazamana. Mmoja atasema: “Pengine ni ndugu ya nkambo.” Mwingine atajibu: “Sivyo, ni rafiki yake wa kazi.” Mtu yule alifua shati lake, akalinyoosha kwa pasi ya makaa, akasimama wima mbele ya kamera ili akumbukwe, na leo hata watoto wa watoto wake hawamjui.

Ndugu msomaji, sisi ni marafiki watano wa Katuba tunaopenda mambo haya. Mimi ni katekista. Wa pili ni mwalimu wa shule. Wa tatu ni baba mmoja aliyefanya kazi ya njia ya reli hata akazeeka. Wa nne ni mama mshonaji, na wa tano ni kijana anayetengeneza telefoni. Dominika alasiri tunakutana, na kila mmoja analeta foto moja au picha moja. Chai ni kidogo, mabishano ni mengi.

Bishano letu kubwa ni hili: kati ya foto na picha ya rangi, ipi inasema kweli? Mwalimu anasimama upande wa foto. Anasema: “Mchoraji huchora atakalo, lakini kamera haina upendeleo. Tangu mwaka 1839, ufundi wa Daguerre ulipotangazwa kule Paris, mwanga wenyewe ndio unaoandika sura ya mtu.” Siku aliposema hivyo, Baba wa reli alicheka, akatoa foto ya ujana wake. Tuliona kijana mwenye koti jeusi, saa mkononi, na radio kubwa mezani karibu naye. Akatuambia: “Koti si langu. Saa si yangu. Radio ni ya mpiga foto, kila mtu wa mtaa alipigwa nayo. Changu ni uso tu. Na miguu haionekani, maana viatu sikuwa navyo.” Tulicheka sote, na Mwalimu pia.

Lakini jambo hili si la kuchekesha tu. Foto yaweza kusema kweli juu ya uso na kunyamaza juu ya mtu. Kulikuwa na mpiga foto mmoja, Casimir Zagourski, mwenye asili ya Poland, aliyefika Léopoldville mwaka 1924. Alisafiri katika Congo na nchi za jirani, akatengeneza kadi za posta zilizojulikana sana, ambazo aliziita kwa Kifaransa kwa maneno yenye maana ya “Afrika inayotoweka.” Zile foto ni nzuri kweli. Nywele zilizosukwa zinaonekana uzi kwa uzi, chale za usoni zinahesabika. Walakini chini ya sura nyingi limeandikwa jina la kabila tu. Mama yule alikuwa na jina alilopewa na baba yake, alikuwa na watoto waliomwita, lakini kadi ilisafiri mpaka Ulaya bila jina lake. Hivi ndivyo mtu anavyogeuka kuwa mfano wa watu.

Sasa weka kando ya kadi hizo foto nyingine. Mwaka 1904, huko Baringa, baba mmoja wa kijiji cha Wala alifika kwenye misioni, naye amebeba katika majani mkono na mguu wa mtoto wake. Askari wa kampuni ya mpira walikuwa wamemwua binti yake. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga foto akiwa ameketi barazani, anavitazama viungo vile. Foto hiyo ilionyeshwa katika mikutano mingi ya Uingereza na Marekani, nayo ilikuwa moja ya vitu vilivyowaamsha watu juu ya utawala wa Mfalme Léopold, hata mwaka 1908 nchi ikatolewa mikononi mwake. Lakini angalieni: tunajua ya kuwa baba yule aliitwa Nsala, na binti yake aliitwa Boali. Kuna mtu aliyeuliza majina, akayaandika. Kwa sababu hiyo, miaka zaidi ya mia imepita na bado hatusemi “mtu mmoja wa Equateur.” Tunasema Nsala, baba ya Boali. Uchungu wake una mwenyewe.

Upande wa picha za rangi anasimama Mama mshonaji. Nyumbani kwa wazazi wake kulikuwa na mbili: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, na picha ya askari akimchapa mfungwa kwa kiboko, bendera ya Ubelgiji ikipepea juu. Katika miaka ya 1970 picha za namna hii zilikuwa katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa Katanga. Wachoraji walizipaka juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakazitembeza mlango kwa mlango. Na watu waliziita kwa neno moja zuri: ukumbusho. Hawakuuliza kama uso wa mfungwa unafanana na wa fulani. Walitaka kitu cha kuwafanya watoto waulize, na baba apate kueleza.

Katika wachoraji hao alikuwako Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa katika mji wetu mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha kama mia moja za historia ya nchi, tangu zamani za wafalme mpaka siku zake. Profesa mmoja, Johannes Fabian, alizinunua, akaketi naye, akamwuliza juu ya kila picha, na mazungumzo yao ya Kiswahili cha hapahapa akayanasa katika kanda. Mwaka 1996 yakatoka katika kitabu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena, wala kaburi lake halijulikani. Lakini maelezo yake yako, picha kwa picha.

Ile picha yake ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito ndiyo inayotubishanisha zaidi. Tunayo foto ya Lumumba ya Desemba 1960, amekamatwa, amefungwa mikono. Ya usiku wa tarehe 17 Januari 1961, walipouawa karibu na mji huu, hatuna. Tshibumba alichora maiti tatu, na kwa mbali misalaba mitatu juu ya kilima. Mwalimu anasema: “Misalaba haikuwapo!” Mama mshonaji anajibu: “Haikuwapo kilimani, Mwalimu. Ilikuwapo katika mioyo ya watu, na kamera haiwezi kufika huko.”

Basi, baada ya Dominika nyingi, mimi nimefikia hapa. Foto huhifadhi uso na kupoteza habari. Picha ya rangi huhifadhi habari na kubahatisha uso. Zote mbili zina njaa moja: zinataka mtu anayejua akae kando yake na kusema. Asiposema, zote ni karatasi na kitambaa. Nami naliona jambo hili kila siku katika kazi yangu, kwa sababu kitabu cha ubatizo kina majina bila sura, na valizi za watu zina sura bila majina. Mara nyingi ni watu walewale, nao hawakutani.

Nitaeleza tukio moja. Mama mshonaji alileta foto ya babu yake: wanaume kumi na wawili mbele ya nyumba ya kambi ya Union Minière, wengine wamesimama, wengine wamechuchumaa. Nyuma yake imeandikwa 1952 tu. Alimjua mmoja. Tukasikia ya kuwa kule Kamalondo yuko mama mzee sana, mume wake alikuwa kapita katika kambi ile. Tulimwendea. Macho yake yalikuwa hafifu, kwa hiyo yule kijana akapiga foto ile kwa telefoni yake, akakuza uso mmoja mmoja. Mama mzee alisogeza telefoni karibu na pua, akanyamaza, kisha akaanza. Huyu alipiga akordioni kwenye arusi. Huyu alikuwa mchoyo wa chumvi. Huyu, nilitaka anioe! Akataja majina saba, akachoka. Akasema: “Rudini juma lijalo, waliobaki watanijia.”

Juma lile hatukurudi kwa mazungumzo. Tulirudi kwa matanga. Majina matano aliondoka nayo.

Katika yale saba, moja lilikuwa la mtu wa Kasai. Miaka ya 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, jamaa yake walipanda treni pamoja na maelfu ya wengine, wakaacha karibu vyote. Kijana wetu akauliza huku na huku kwa telefoni, hata akampata mjukuu mmoja huko Mwene-Ditu. Akampelekea ile sura. Siku mbili kimya. Kisha mjukuu, mwanamke wa miaka hamsini, akapiga simu. Alituambia ya kuwa foto zote za nyumbani zilibaki siku ile ya kukimbia, na yeye hakuwahi kumwona babu yake. Akauliza: “Ndiye huyu mwenye masikio makubwa? Maana mwanangu anayo hayohayo, na sisi sote tulikuwa tukiuliza yalitoka wapi.” Kama Mama mzee asingetaja jina, sura ile ingekaa katika valizi ya Katuba miaka mingine sabini, na mtu mwenye haki nayo yuko Mwene-Ditu, hajui.

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, nawaomba jambo dogo lisilogharimu kitu. Toeni foto zenu. Laza kila moja kifudifudi juu ya meza safi, na nyuma yake andika kwa penseli laini, bila kukandamiza: majina tangu kushoto mpaka kuume, mahali, na mwaka. Kalamu ya wino iacheni, maana wino hupenya. Msibandike foto kwa gundi, wala kuzitundika juani au penye unyevu. Usipokuwa na hakika ya jina, weka alama ya kuuliza. Ni afadhali swali kuliko uongo. Wenye telefoni wapige foto zile na kuwapelekea ndugu walio mbali, lakini jina liende pamoja na sura. Mwenye picha ya rangi aandike jina la mchoraji, na aliyoyasema baba alipoinunua.

Na mkianza, msianze na valizi. Anzeni na mzee. Karatasi yaweza kungoja mpaka mwaka ujao. Yeye huenda asingoje. Mwendeeni juma hili, mkamsalimu kama ipasavyo, mkampelekea sukari kidogo, na penseli iwe mfukoni.