Nane Nane na Fedha ya Mpunga



Wapendwa waamini, wapo wanaoniuliza kama inafaa mkulima wa bonde letu atumie fedha ya mpunga kuipeleka familia nzima Morogoro, kwenye maonesho ya Nane Nane. Nauli ya watu sita kutoka Ifakara, kwenda na kurudi, si fedha ya mchezo. Na hapo hujahesabu soda, chipsi na maputo. Mzee mmoja wa jumuiya aliniambia bila kuficha kwamba huo ni ubadhirifu: baba aende peke yake, azione mbegu, arudi asimulie.

Neno hilo nimelitafakari sana, kwa kuwa Agosti iliyopita nilisafiri na mdogo wangu, mkewe na watoto wao wanne.

Sisi wa Kilombero tunajua jinsi kilimo cha mpunga kinavyoitawanya familia. Mvua zikianza, baba na mama huhamia shambani, wakaishi dunguni miezi kadhaa. Watoto wanaosoma hubaki mjini chini ya dada yao, naye ni mtoto bado; au huchukuliwa kwenda kuamia ndege, na daftari likasahauliwa. Hata kanisani huonekana: mabenchi ya Dominika hupungua watu. Kisha mpunga huvunwa na kuuzwa, na hapo huja hatari ya pili, ambayo akina mama wengi wamenieleza kwa machozi (ofisini, si kitubioni): fedha iliyotafutwa kwa mikono minne huingia mfuko mmoja, na mfuko huo hupotea mjini siku tatu.

Tuliondoka alfajiri, tukapita Kidatu na Mikumi, kitinda mimba akihesabu twiga kandokando ya barabara. Katika Viwanja vya Mwalimu Nyerere palikuwa na vumbi, muziki, na kipaza sauti kikitangaza watoto waliopotezana na wazazi wao. Nilimkumbuka Yosefu na Maria, ambao nao walimpoteza Mtoto wakitoka kwenye sikukuu. Watoto wetu walisimama muda mrefu mbele ya ng'ombe wa maziwa. “Baba mkubwa, huyu anakula nini?” Sikuwa na jibu la kuwatosheleza.

Lakini jambo lenyewe lilitokea kwenye vipando vya mpunga. Bwana shamba, kijana mwenye adabu, alieleza habari za SARO 5, jinsi inavyozaa kuliko Supa wetu ikipandwa kwa mistari na kutunzwa vema. Alieleza akimtazama mdogo wangu peke yake. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, ndipo akauliza: “Samahani, mwanangu. Hiyo kamba ya mistari huwa inashikwa na nani? Na ekari moja huchukua siku ngapi?”

Bwana shamba alicheka kidogo, kisha akajibu kwa uangalifu, safari hii akimtazama yeye. Mdogo wangu alikuwa kimya. Baadaye waliketi kivulini, wakapiga hesabu mbele ya watoto: ekari moja SARO, zilizobaki Supa, maana Supa hununuliwa kwa harufu yake, vibarua wawili wa kupandikiza, ili binti mkubwa asiitwe kutoka shuleni. Kwa mara ya kwanza watoto wale walisikia gunia liliuzwa kwa bei gani, na ni kiasi gani kimebaki. Angalikwenda baba peke yake, angalirudi na amri: mwaka huu tunapanda kwa mistari. Na mgongo wa kuinama ungalikuwa wa mwingine.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, Waisraeli wanaagizwa kufanya Sikukuu ya Vibanda wakiisha kukusanya mavuno, na kufurahi pamoja na wana, binti, watumishi, mgeni, yatima na mjane. Wao waliziacha nyumba wakaingia vibandani ili washerehekee. Sisi tunatoka vibandani. Hata Mlawi ametajwa asiachwe nyuma, kwa hiyo soda niliyonunuliwa na mdogo wangu ina msingi katika Maandiko.

Mzee wetu nimemsimulia haya yote. Hajakubaliana nami. Ila ameuliza nauli ya mtoto ni shilingi ngapi, kwa sababu ana mjukuu anayependa ng'ombe.