Mpala, na Kazi ya Mwalimu Isiyoonekana

Msafiri atokaye Kalemie kwenda kusini kwa mashua huwa na ziwa Tanganyika kushoto kwake, na milima kuumeni. Ndiyo njia ya Mpala, mahali penye sifa katika historia ya Kanisa letu. Storms, Mbelgiji, alijenga ngome yake hapo mwaka 1883. Miaka miwili baadaye ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Katika shule ya misioni hiyo alisoma Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi.

Watu humsifu padri huyo, na ni haki. Lakini kila padri, kila mganga, kila hakimu, alikuwa kwanza mtoto mbele ya ubao, na mtu fulani alimshika mkono aandike herufi ya kwanza. Mtu huyo husahauliwa upesi.

Katika vijiji vyetu mwalimu huonekana akirudi kwake adhuhuri, na jirani husema: «Huyu amekwisha kazi, sisi tungali na jembe.» Jirani haoni taa yake usiku. Mwenye watoto 60, akiwapa hesabu tano tu, ana majibu 300 ya kusahihisha. Kisha huandaa masomo ya kesho. Naye pia ana jembe, kwa maana mshahara haushibishi nyumba.

Tangu miaka ya 1990, mishahara ya Serikali ilipokosekana, wazazi walitoa fedha ili walimu wasiache shule. Mwezi wa Septemba 2019 Serikali ilianza kutimiza agizo la Katiba ya mwaka 2006, kwamba shule ya msingi isilipiwe. Ilikuwa neema, kwani watoto wengi wa maskini waliingia shuleni. Lakini madarasa yalifurika, na walimu wasioandikwa katika orodha ya mishahara walipoteza hata kile kidogo kilichotoka kwa wazazi.

Wazazi wapenzi, karo imeondolewa, deni la heshima limebaki. Mtoto amsikiaye baba yake akimcheka mwalimu jioni, asubuhi hatalisikia somo. Basi, mwambieni alete daftari lake, mtazame alama nyekundu zilizomo. Kila alama iliandikwa na mkono uliochoka, nanyi mlikuwa mmekwisha lala.