Mwanga na Maji Ol Njorowa: Kumbukumbu za Mpigapicha wa Kampala

Korongo jembamba, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni ufa uliochimbwa na maji ndani ya mwamba mpaka kina chake kikauzidi upana mara nyingi, hata aliye chini akaiona mbingu kama utepe juu ya kichwa chake. Linalojulikana zaidi duniani ni Korongo la Antelope katika jangwa la Arizona nchini Marekani, kwenye ardhi ya Wanavajo, ambako maji ya mvua yamekata mawe ya mchanga. Katika Afrika Mashariki umbo linalolikaribia hilo liko Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate iliyoanzishwa mwaka 1984 kusini mwa Ziwa Naivasha, Kenya; nchi hiyo ni nyika kavu ya Bonde la Ufa, na kuta za korongo ni majivu ya volkano yaliyogandamana tabaka juu ya tabaka, yakachimbwa na maji ya ziwa hilo zama lilipokuwa kubwa na kufurika upande wa kusini. Mpigapicha anayeelezwa katika kurasa hizi, ambaye makao yake ni Kampala, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi katika korongo hilo.

Kazi yake ilianzia studio, enzi za filamu, kwa picha za pasipoti, za mahafali ya Makerere na za kwanjula, yaani sherehe ya Waganda ambayo binti humtambulisha mchumba wake nyumbani kwa wazazi. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, na jua la mchana huwaka utosini likitia macho ya watu kivuli cheusi. Ndiyo maana wapigapicha wa mji huo huwapanga wateja asubuhi au alasiri na kuikwepa adhuhuri. Ol Njorowa, inayofikiwa kwa basi la usiku kupitia Malaba, Eldoret na Nakuru, ilimdai kinyume chake, kwani ndani ya ufa adhuhuri ndiyo saa ambayo jua hukaribia kufika chini.

Mwanga wa mahali hapo haufanani na wa studio. Jua hupiga sehemu ya juu ya ukuta mmoja, ukuta huo huurusha mwanga kwa ule wa pili, nao huurudisha chini zaidi, na kila unaporushwa huchukua kidogo rangi ya jiwe. Hivyo ukuta ulio kivulini huwa na manjano iliyokolea upande mmoja, na samawati hafifu pale unapoielekea mbingu. Kamera ya dijitali ikiachwa ijirekebishe yenyewe huichukulia rangi hiyo kuwa kasoro na kuifuta, kwa hiyo yeye huifunga kwenye kipimo cha mwanga wa jua. Isitoshe, hakuna filamu inayoweza kubeba mbingu angavu na sakafu yenye giza kwa mara moja. Kwa hiyo huiacha mbingu nje ya picha, huisimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, hubana tundu la lenzi ili jiwe la karibu na la mbali yote yaonekane sawasawa, kisha huacha shata wazi kwa sekunde kadhaa. Penye chemchemi za maji moto mvuke hutanda kwenye lenzi, naye huifuta kwa kitambaa cha pamba kabla ya kila picha.

Mwanga huo una msimu wake, na hapo ndipo penye kiini cha kumbukumbu hizi. Naivasha iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo jua hupita wima juu yake mwezi Machi na tena Septemba, na yapata saa sita na nusu mchana mwale hushuka hadi sakafuni. Lakini Machi ndio pia mwanzo wa masika. Mvua inayonyesha kwenye miinuko ya mbali, isiyoonekana na aliye ndani, huteremkia korongoni kwa ghafla. Hivyo ndivyo watu saba walivyofariki Ol Njorowa Aprili 2012, na wengine saba Septemba 2019, mwongozaji mmoja akiwa miongoni mwao. Antelope nako miale hupendeza zaidi katika majira ya joto, ambayo ndiyo majira ya dhoruba, na tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa humo kwa mvua iliyonyesha mbali.

Mamlaka ya mwisho korongoni ni ya mwongozaji, na mpigapicha huyu anashikilia kwamba wenzake wengi hawajalikubali jambo hilo vya kutosha. Mwongozaji humwonyesha mgeni nyasi kavu na vijiti vilivyonasa katika mpasuko wa ukuta, juu kuliko kimo cha mtu, mabaki ya maji yaliyopita, kisha humwonyesha mahali pa kupandia; akisema watoke, stendi hukunjwa hata kama shata bado iko wazi.

Kwa sababu ya hatari hiyo ya mafuriko, aliubadili utaratibu wake. Wanagenzi wa studio yake huwapeleka Januari na Februari, wakati wa kiangazi, ambapo jua liko kusini zaidi na mwale haufiki chini. Picha za miezi hiyo hazina ule mshale wa nuru unaopendwa na wanunuzi wa kalenda, lakini zina kuta zinazoangaziana, na kwa hukumu yake hizo ndizo zinazolionyesha jiwe lenyewe, tabaka zake za majivu na michirizi ambayo kila mafuriko yameiacha kwa kimo chake.