Seido Mbili, Kyokushin Nyingi: Jina ni Mali ya Nani?

Wengi wetu huamini kwamba majina yakifanana, vitu navyo hufanana. Na majina yakiachana, vitu navyo huachana. Karate ya mapigo kamili, yaani ile ambayo wapiganaji hupigana kwa nguvu zao zote, inaikanusha imani hiyo pande zote mbili. Ndugu msomaji, naomba tuitazame leo kwa makini, kwani mgogoro wake ni wa urithi, na urithi hakuna asiyemhusu.

Mwasisi ni Masutatsu Oyama, mzaliwa wa Korea aliyehamia Japani akiwa kijana. Mtindo wake aliuita Kyokushin, neno lenye maana ya ukweli wa mwisho. Mwaka 1964 alianzisha shirika la kimataifa lenye makao yake Tokyo, na mwaka 1975 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia. Kanuni zake ni nyepesi kuzieleza na nzito kuzivumilia: hakuna glavu; ngumi hupigwa kifuani na tumboni, kamwe si usoni; teke la kichwani linaruhusiwa. Niliujua mtindo huo nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Uholanzi, nchi ambayo Jon Bluming, mwanafunzi wa Oyama, alikuwa miongoni mwa waliouingiza. Mapaja yangu hayajasahau mateke ya huko.

Tuanze na majina yanayofanana. Mwaka 1976 Tadashi Nakamura, aliyekuwa akimwakilisha Oyama mjini New York, alijitenga na kuasisi Seido. Mwaka 1980 Kazuyoshi Ishii akaasisi Seidokaikan mjini Osaka. Masikioni, Seido ni Seido. Katika maandishi ya Kijapani, hata hivyo, alama ya kwanza ya Nakamura humaanisha unyofu wa moyo, na ile ya Ishii humaanisha usahihi. Njia zao ziliachana zaidi ya alama hizo. Nakamura alipunguza uzito wa mapigano ya nguvu, akatilia mkazo malezi ya nafsi na kuketi katika tafakuri. Ishii aliwavalisha wapiganaji wake glavu, akaruhusu ngumi za usoni, na mwaka 1993 akaanzisha K-1, mashindano ya ulingoni yaliyojaza kumbi kubwa za Japani. Mzazi anayemwandikisha mtoto wake kwa kusikia jina tu anaweza kutafuta utulivu akapata ulingo.

Sasa tugeukie majina yanayotofautiana. Oyama alifariki dunia mwezi Aprili 1994. Wosia uliotolewa ulimtaja Shokei Matsui, bingwa wa dunia wa mwaka 1987, kuwa mrithi. Familia ya marehemu iliupinga, na mahakama zikakataa kuuthibitisha. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hapa fahali walizidi wawili. Kundi moja likabaki na Matsui. Jingine, ambalo baadaye liliongozwa na Kenji Midori, bingwa wa mwaka 1991, lilijiita Shinkyokushinkai kuanzia mwaka 2003; silabi hiyo ya mwanzo ina maana ya mpya. Hatsuo Royama, mwanafunzi wa siku nyingi wa Oyama, naye akajitenga na Matsui, akaasisi Kyokushin-kan. Yapo mengine pia. Pamoja na tofauti za kanuni za mashindano na za nembo vifuani, ukiingia katika dojo zao utaona msingi ule ule: kata zile zile, ngumi zile zile za tumboni, kiapo kile kile cha dojo.

Haya yasingenisumbua kama yasingemfika mpwa wangu. Alifanya mazoezi kwa miaka minne, akapata mkanda wa kijani, kisha familia ikahama mji. Katika dojo mpya alielezwa kwamba cheti chake kilitoka katika Kyokushin nyingine, hivyo aanze upya na mkanda mweupe, na ada za mitihani zilipwe tena. Dada yangu aliuliza gharama. Kijana aliniuliza swali zito zaidi: “Mjomba, kwani hiyo niliyojifunza haikuwa ya kweli?”

Nilimjibu kwamba teke lake halikubadilika barabarani. Kilichobadilika ni sahihi iliyo chini ya karatasi. Sisemi hivyo kwa kudharau karatasi. Mimi mwenyewe huishi kwa karatasi, na najua chuo kisichochunguza vyeti hugeuka soko. Lakini kuchunguza ni kumsimamisha mwanafunzi, kumtazama akifanya kata, kumpa mpinzani wa kiwango chake, kisha kuamua. Mtu akinyimwa hata nafasi ya kupimwa, hapo elimu imekwisha. Kilichobaki ni kulinda mpaka wa shamba.

Lawama yangu kubwa iko kwa mwasisi, pamoja na heshima zote anazostahili. Oyama alijenga shirika lililovuka mabahari, akaweka kanuni za ngumi na za teke. Kanuni ya kumpata mrithi, ambayo wote wangeikubali, hakuiacha imesimama. Nguvu yake binafsi ndiyo iliyokuwa katiba, na katiba ya namna hiyo huzikwa pamoja na mwenyewe. Wanaojua historia ya vyama vya siasa hawahitaji nifafanue zaidi.

Mpwa wangu amerudi mazoezini. Anafunga mkanda mweupe, na huwekwa mstari wa nyuma pamoja na wanaoanza. Mama yake ameniambia kwamba watoto wadogo wa mstari huo wameanza kumwangalia yeye ili wajue mguu unawekwa wapi. Hawajamuuliza cheti.