Wanaume wa Hilux

Kabla Uingereza haijapiga marufuku miraa Juni 2014, mtoto wa kiume aliyekulia kando ya barabara ya Meru kwenda Embu alimtambua mwanamume kamili kwa mlio wa injini. Pikapu za Hilux zilitoka Maua zimewasha taa mchana kweupe, magunia ya miraa yamepita kimo cha kebini, honi haikomi. Nkubu, Igoji, Chuka, Runyenjes: watu sokoni waliacha kupatana bei wakageuka kutazama. Miraa ikikaa siku mbili hupoteza nguvu, na ndege za uwanja wa Wilson, Nairobi, hazikumngoja mtu. Dereva alilipwa kwa kuwahi, akaheshimiwa kwa kuwahi.

Sisi vijana tuliotoka kutahiriwa hatukutamani shamba wala duka. Tulitaka Hilux. Tulijua nani hushuka mteremko wa Nithi gia ikiwa frii, nani hupita lori kwenye kona. Wasichana waliyajua majina ya madereva hao pia, na hilo lilituchoma. Waziri wa Uchukuzi Michuki alipozifungia matatu vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa mwaka 2004, tuliwatazama madereva wa matatu kama fahali waliohasiwa.

Leo mpwa wangu amejifunza gari la otomatiki tu, na gari lake hufunga breki lenyewe la mbele likisimama ghafla. Huko Phoenix, Marekani, tangu 2020 watu hupanda teksi za Waymo zisizo na dereva kabisa. Aliponionyesha video, usukani ukijizungusha, nilihuzunika. Ustadi wa wale wanaume ulikuwa wa kweli: kuisikia injini kwa unyayo, kujua kwa harufu kwamba breki zimechemka. Unapotea, nami nauonea uchungu.

Uchungu mkubwa zaidi ni kwamba wengi wa tuliowashangilia hawakuzeeka. Sisi tulipiga miluzi, wao wakakanyaga mafuta. Teksi ya Phoenix haina mtu wa kumtambia.

Gari la namna hiyo halijafika kwetu. Magari ya Probox ndiyo yanayobeba miraa na abiria, mikononi mwa vijana wa umri tuliokuwa nao. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, wakafa zaidi ya watu 30. Kijana wangu, ukifika pale weka gia ya pili ushuke polepole. Nawe uliyeketi kando ya dereva, usimshangilie.